Jirani Asiyeinuka Kitini

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba paa la jikoni halijakuangukia. Nimehamishiwa kituo kipya, mbali kuliko kile cha kwanza. Gari hufika mara moja kwa juma, na simu haishiki mpaka upande kilima cha nyuma ya shule. Lakini wewe simu huitaki hata ingekuwa inashika, kwa hiyo tuko sawa.

Nimepewa chumba kando ya stoo ya dawa. Maboksi yamejaa stoo yakamwagikia chumbani kwangu, na mawili nimeyafanya meza. Ndiyo ninayoandikia sasa. Mtu wa karibu ni mlinzi, naye ana maneno machache. Asubuhi husema, "Umeamka." Jioni husema, "Umerudi." Siku ya mapumziko hayo ndiyo mazungumzo yangu yote. Lakini mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi.

Najua ni muda mrefu. Sijakuandikia tangu tulipomzika mama mwaka jana, wala wewe hukuniandikia. Tuyaache hayo.

Kazi yetu ni ile ya matende na mabusha. Unisamehe kulitaja neno hilo mbele yako, lakini ndilo lililoandikwa ubavuni mwa gari letu. Ugonjwa wenyewe huenezwa na mbu, nasi tunapita nyumba kwa nyumba kuwapa watu dawa ya kumeza mara moja kwa mwaka ili usiendelee kuenea. Kila mtu tunamsimamisha kwenye fimbo iliyopakwa rangi. Rangi inayomfika utosini ndiyo inayotuambia apewe vidonge vingapi. Watoto wa hapa wanaiita fimbo hiyo Rula. Niliposikia nilicheka peke yangu, maana nilikumbuka wanafunzi wako walivyokuita jina hilo kwa jinsi ulivyosimama ubaoni.

Dawa watu wanameza. Tatizo ni wanaume ambao busha limekwisha kuwa kubwa. Hao dawa haiwapunguzii kitu; wanahitaji upasuaji, nao ni wa bure. Tumesimamisha hema katikati ya uwanja wa shule, tukatundika kitambaa chenye maandishi makubwa, na gari likapita na kipaza sauti kutwa nzima likiwaita. Alikuja mtu mmoja, naye alikuwa amepotea njia. Alikuwa anatafuta mahali pa kung'olewa jino.

Mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Daktari, anasema huo ni ujinga wao. Mimi sina hakika. Wewe umeshughulika na wakaidi darasani maisha yako yote. Unadhani kwa nini hawaji?

Mpwa wako.


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na duara la kikombe cha chai katika ukurasa wa pili. Boksi la dawa si meza. Tafuta meza.

Hapa hakuna jipya. Paa linavuja pale pale, nami nimesogeza jiko. Mke wa fundi viatu hunichukulia vitu sokoni akaniwekea mlangoni, maana siku hizi sitoki sana. Miguu. Watu wa mtaa wanasema nimekuwa na kiburi, kwamba mgeni akiingia namsalimu nikiwa nimekaa. Waseme. Mdomo hauna mlango wa kufuli.

Umeniuliza kuhusu wanaume wa huko. Siwajui, lakini nitakujibu kwa kukisia.

Daktari wenu amekosea. Mtu anayejificha si mjinga. Anajua mambo mengi kupita kiasi. Anajua ni kiti kipi chenye mkono wa kumsaidia kuinuka. Anajua njia isiyopita shuleni. Anajua kushika gazeti au kikapu mbele yake hata kama hana cha kusoma wala cha kununua. Amejifunza kufika kabla ya watu na kuondoka baada yao, na siku inapokuwa hawezi kufanya hivyo, haendi kabisa, hata kama mahali penyewe ni pa lazima. Mtu wa namna hiyo mnamwita kwa kipaza sauti, kisha mnamtaka akatize uwanja mtupu, mchana, mbele ya wakwe zake, aingie katika hema lililoandikwa ugonjwa wake? Hata mimi ningesema nina jino.

Teremsheni kitambaa. Hema lihamie nyuma ya majengo, penye njia yake. Humo mpime shinikizo la damu pia, ili anayetoka awe na jibu la kuwapa watakaomwuliza alifuata nini. Aulizwe na mwanamume mwenzake, kwa sauti ya chini, na aulizwe akiwa amekaa.

Kisha nenda kwa fundi cherehani. Kila mji una fundi mmoja anayewashonea watu hao suruali, kwa kuwa za dukani haziwafai. Huwapima mlango ukiwa umefungwa, naye hasemi. Usimwulize majina. Hatakupa, na akikupa si fundi. Mpe ujumbe tu, utafika.

Haya ni makisio. Usimwambie mtu kwamba yametoka kwangu.

Kula vizuri. Mtu mzima hasemi "mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi" kabla hajaulizwa.

Mjomba wako.


28 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Meza nimepata. Ni dawati la shule lenye mguu mmoja mfupi; nimeutilia karatasi zilizokunjwa, lakini bado linanicheza ninapoandika, kwa hiyo usiulaumu mkono wangu. Mlinzi naye ameongeza neno. Jana alisema, "Umerudi, pole."

Tuliyafanya yote uliyosema. Daktari alinuna, kisha akakubali kitambaa kiteremshwe, na hema tukalipeleka nyuma ya ghala la mahindi. Mimi nikaenda kwa fundi cherehani. Nilimkuta nyuma ya soko, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimsalimu, nikamweleza shida yangu, naye akaendelea kukanyaga cherehani kana kwamba ninasema na ukuta. Mwishowe akasema, "Binti, mimi nashona nguo. Yaliyomo ndani ya nguo hayanihusu."

"Baba, sitaki jina la mtu," nikamwambia. "Nataka tu anayekuja kupimwa suruali ajue tuko nyuma ya ghala, na kwamba atakayempokea ni mwanamume."

Akakata uzi kwa meno. "Na mkiwaponya wote, mimi nitakula nini?"

"Watakuletea zile za zamani uzipunguze."

Alicheka mpaka akavua miwani. Juma lililofuata walianza kuja, mmoja mmoja, kila mmoja akidai amekuja kupimwa shinikizo la damu. Sasa waliopasuliwa wameijaza wodi, na utani hauishi. Mmoja ukimwuliza hali anajibu, "Nimepungua hivi, mke wangu atasema nimeibiwa njiani." Mwenzake wa kitanda cha pili anasema, "Mimi mzigo nimeuacha kwa Daktari. Risiti sitaki."

Yuko mmoja ambaye hatanii. Wenzake wanamwita Bwana Kiti, kwa sababu miaka yote hawakupata kumwona ila amekaa. Nilipokuwa nikimbadilishia maji ya kunywa aliniambia, akiwa ameelekea ukutani, kwamba siku binti yake alipoolewa yeye alijifungia ndani akatuma watu waseme ana homa. Binti hajamsemesha mpaka leo. Nilimwuliza kwa nini hakumweleza. Akasema, "Ningemwelezaje, mama? Neno lenyewe ningelianzia wapi?"

Nilirudi chumbani kwangu nikakaa muda mrefu bila kuvua viatu.

Mjomba, siku tuliyomzika mama, nafasi yako ilikuwa mbele ya jeneza, upande wa kushoto. Tulikusubiri mpaka watu wakaanza kutazama jua. Ndipo muuza mkaa, ambaye si ndugu yetu, alipoweka chini gunia lake, akajifuta mikono, akaingia mahali pako na kubeba mpaka makaburini. Sikuwahi kukuambia. Nakuambia tu; sikuulizi kitu.

Ila hili moja nauliza. Habari za fundi cherehani ulizijuaje?

Mpwa wako.


19 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mguu mfupi wa dawati hutiliwa kipande cha ubao, si karatasi.

Paa limetoboka mahali pengine. Fundi wa mabati yuko tayari, lakini anataka mtu wa kumshikia ngazi, na mtu huyo sina.

Yapo maswali ambayo mpwa hamwulizi mjomba wake. Mama yako alikulea vizuri, nami najua kwamba unayajua.

Nina jirani hapa. Ni mtu wa makamo yangu, mstaafu, anaishi peke yake. Nilimtajia kazi yako, naye ameniomba nikuulize mambo machache, kwa kuwa yeye si mtu wa kuandika barua. Anauliza kama ni kweli kwamba sindano ya mgongoni hulemaza miguu. Anauliza kama kitu hicho, kikiisha kutolewa, hurudi. Anauliza ni nani na nani wanaokuwamo chumbani wakati huo, na kama miongoni mwao kuna wanawake. Anauliza pia kama mtu wa umri wake hataonekana mpumbavu kutaka kutembea vizuri, wakati safari yenyewe iliyobaki ni fupi.

Nimemjibu kwamba sijui. Ukipata nafasi, mjibu wewe.

Huyo Bwana Kiti, je, ametoka hospitali?

Mjomba wako.


11 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na jirani yako pia mpe shikamoo yangu. Ubao nimetia. Dawati limetulia.

Mwambie jirani hivi. Sindano ya mgongoni huifanya miguu ife ganzi kwa saa chache. Mtu huitazama kama miguu ya mtu mwingine, na wengi huogopa hapo, lakini hurudi yote miwili. Kazi yenyewe haimalizi hata muda wa vipindi viwili vya darasani. Ikifanywa na anayeijua, ni nadra kitu hicho kurudi. Siku za mwanzo atalala chali, asinyanyue ndoo wala asikae mezani muda mrefu, na kidonda kisiguswe na maji mpaka aruhusiwe. Anaweza kuomba wahudumu wawe wanaume peke yao, na atapewa. Tulijifunza kuuliza hilo kabla mtu hajalisema.

Kuhusu upumbavu, mwambie sina dawa yake, lakini pia sijauona. Nimewaona wazee wakitoka hapa wakikatiza uwanja wa shule kwa makusudi, na hawana wanakokwenda.

Kikosi chetu kitafika katika hospitali ya mji wenu mwezi wa Julai. Hakutakuwa na kipaza sauti. Mlango ni ule wa nyuma, upande wa kufulia nguo.

Mimi nilikuwa nimepangwa katika kikosi hicho. Nilikuwa nimekwisha kufua nguo za safari. Nilitaka kulala tena katika kile chumba cha kando nilichokuwa nikilala nikija likizo, nisikie mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta, maana hapa ukuta wangu umepakana na maboksi. Lakini nimemwomba Daktari anibadilishe, naye amekubali. Nitabaki kulinda stoo. Wanaokuja kwenu hawajui mtu yeyote wa mji huo, na sijawaambia kwamba nina ndugu huko. Kwa hiyo jirani yako hatakutana na mtu anayemfahamu, wala mtoto wa mtu anayemfahamu.

Bwana Kiti ametoka. Alikataa kubebwa, akaenda kwa miguu mpaka kituo cha basi. Sijui kama binti yake amemfungulia mlango. Watu wakipona hawatuandikii.

Mpwa wako.


3 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijapata barua yako tangu ile ya Aprili. Huenda imekwama njiani. Mvua ilikata daraja, na kwa muda tulikaa bila gari.

Wenzangu wote walipokuwa huko kwenu nilibaki na mlinzi. Tulizoeana. Alinionyesha picha ya wajukuu zake, naye huwa hawataji kwa majina, husema tu "huyu" na "huyu."

Kikosi kimerudi. Sikuwauliza kitu. Dereva alianza kusimulia mezani habari za mzee mmoja waliyemkuta huko, na wenzake wakaanza kucheka kabla hajafika mbali. Niliinuka nikatoka nje na sahani yangu. Sitaki kusikia kwa dereva jambo ambalo mwenyewe hakuniambia. Na kama mzee huyo si yule ninayemdhania, sitaki kulisikia hilo pia.

Paa likoje?

Mpwa wako.


30 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Pokea na ile ya Mei, ambayo sikuiitikia kwa wakati. Ilinifikia kwa kuchelewa, kisha nikakatazwa kukaa mezani, na barua iandikwayo kitandani huwa na mistari iliyolala. Baadaye ruhusa ilipatikana, lakini maneno yalichelewa.

Paa limezibwa. Ngazi nimeishika mimi mwenyewe. Mke wa fundi viatu alipoingia na kikapu, niliinuka kumpokea. Alirudi nyuma mpaka mlangoni, maskini, akidhani namfukuza.

Dereva wenu mwambie kwamba blanketi la hospitali lina pande nne, na kulikunja si jambo la kuchekwa. Wodi nzima ilifundishwa kulikunja na mwalimu mstaafu mmoja kabla kikosi hakijaondoka.

Jirani yule usimwulizie tena. Amehama.

Juzi nilikwenda makaburini. Nilikwenda kwa miguu, kwa njia inayopita shuleni, saa ambayo watoto wanatoka. Nilipofika sikujua pa kuelekea. Nilisimama langoni kama mgeni aliyeshuka kituo kisicho chake. Mchimba makaburi alikuwa amekaa juu ya toroli lake anakula, nikamwuliza dada yangu amelala wapi, nikamtajia mwaka na mwezi.

"Na wewe, mzee, ni nani kwake?" akaniuliza.

"Ni kaka yake."

Alinitazama, akameza. "Kaka yake si yule muuza mkaa?"

Hakuwa na nia mbaya. Alisema alichokiona siku ile. Sikumsahihisha.

Alinionyesha. Majani yamefyekwa vizuri. Nadhani unamtumia mtu pesa, wala hukuniambia. Nilisimama upande wa mbele, kushoto. Nilisimama wima, kama nilivyowafundisha watoto kumsimamia mtu anayestahili. Jua lilizunguka mpaka kivuli changu kikamlalia dada yangu kutoka kichwani hadi miguuni. Nilipoondoka, kilichokuwa kimechoka ni miguu. Miguu peke yake, mpwa wangu.

Nikirudi nilipitia kwa muuza mkaa. Nilinunua gunia zima, na wewe unajua jiko langu ni la mafuta. Alitaka kunibebea mpaka nyumbani. Nilimwambia kubeba alikwisha kubeba, basi akae kidogo tuzungumze. Tulikaa. Ana habari nyingi za mama yako ambazo sikuzijua.

Likizo yako ni lini? Chumba cha kando hakivuji tena. Nimetoa vitabu vyote kitandani. Ukuta ni ule ule mwembamba, na mimi bado nakohoa.

Mjomba wako.